Mia tano ya mama aliyekaa peke yake

Siku ile ya posho tulikuwa wamama 23. Tunajua hesabu hiyo kwa sababu mabenchi ya pale tunapokutania ni mafupi, kila benchi linatosha watu wawili tu. Mabenchi kumi na moja yalijaa, kisha mama mmoja muuza vitumbua akabaki peke yake kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango. Tulimchekelea kidogo kwamba leo amekosa mwenzake.

Chama chetu si likelemba ile ya kila mtu kutoa sawa sawa. Ni sanduku la kuweka akiba. Kila mama anatoa anachoweza: elfu moja, elfu mbili, elfu tatu, na mwenye kupata zaidi anaongeza elfu nyingine. Lakini juu ya hizo elfu, kila mmoja anaweka franka 500 za kilio, ile feza inayomsaidia mwenzetu akifiwa. Hiyo 500 haijadiliwi. Hata anayekuja na elfu moja anatoa 1,500.

Mama mwandishi akajumlisha kaye: 61,000. Mama mtunza feza akahesabu noti juu ya meza: 57,500. Akahesabu tena, akilowesha kidole kwa mate, noti moja moja: 57,500. Zilipungua 3,500.

Wamama wenye vyama wanajua kinachofuata. Hakuna aliyesema neno mwizi. Lakini mmoja akauliza polepole kama mama mtunza feza hakupitia sokoni kununua unga kabla ya kuja. Mwingine akakumbusha kwamba hata mwezi uliopita kulikuwa na kitu ambacho hakikueleweka vizuri. Yule mama hakujibu. Alifungua mkoba wake mbele yetu na kuanza kutoa vitu kimoja kimoja: kitambaa, simu, ufunguo, karatasi ya dawa ya mtoto. Kuvitazama vile vitu juu ya meza kulituumiza, na hatujui kama kuna mama angependa kuvua namna hiyo mbele ya wenzake.

Sisi walimu wawili tuliokuwa ndani tulifanya kile walimu wanachofanya. Tulichukua kaye, tukajumlisha upya kutoka juu mpaka chini. Jumla ikatoka 61,000. Tukajumlisha kutoka chini mpaka juu: 61,000. Kwa hiyo mama mwandishi hakukosea kujumlisha, na hilo lilimharibia mwenzetu zaidi.

Hapo muuza vitumbua akasema kutoka kule mlangoni:

“Bamama, muniache niulize. Kila mama ametoa mia tano. Mia tano mbili zinafanya elfu. Wale waliokaa wawili wawili wamekwisha kufanya elfu zao. Mimi niko peke yangu. Mia tano yangu imeenda wapi? Hii feza haiwezi kuisha kwa elfu kamili.”

Ilichukua muda kidogo kabla ya watu kuelewa. Elfu ni elfu, ziwe ngapi hazibadilishi mwisho wa jumla. Kinachoamua mwisho ni zile mia tano. Watu 23, mia tano 23. Mia tano 22 zinajipanga mbili mbili na kuwa elfu 11, moja inabaki. Jumla ya siku ile ilipaswa kuishia na 500, hata kama hatujui kila mama alitoa kiasi gani. Feza za mezani, 57,500, ziliishia na 500. Jumla ya kaye, 61,000, haikuishia nayo. Kaye ndiyo iliyokuwa na kasoro, hata kama ilijumlishwa vizuri.

Tukasoma majina, kila mama akiinua mkono akisikia lake. Yalikuwa majina 24 kwa watu 23. Mama mmoja aliinua mkono mara mbili. Alipofika aliandikwa kwa jina lake mwenyewe, na alipokuja mezani na feza aliandikwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, jinsi sisi sote tunavyomwita. Mara zote mbili mbele ya jina kulikuwa na 3,500. Ondoa 3,500 kwenye 61,000, zinabaki 57,500.

Watu waliomba msamaha, wengine kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mama mtunza feza alirudisha vitu vyake ndani ya mkoba bila kusema kitu.

Sisi tulirudi nyumbani na haya kidogo. Tulikuwa na kalamu na diploma, tukajumlisha mara mbili bila kuona chochote. Muuza vitumbua, ambaye anasema mwenyewe kwamba masomo yake yaliishia darasa la tatu, hakujumlisha kitu, na ndiye aliyeona. Alichotumia ni somo ambalo watoto wetu wanalo kwenye kaye zao: namba za peri na namba za emperi. Wenzetu wa Tanzania wanaziita shufwa na witiri, maneno yaliyotoka katika Kiarabu. Wamama Waislamu wanalijua neno la pili kwa sala ya witiri ya usiku, ambayo rakaa zake huwa emperi.

Tunaandika hapa kwa ajili ya mama anayeambiwa na mtoto, “Mama, wewe hujui hii, ni ya Kifaransa.” Katika madarasa ya kwanza mwalimu anaeleza kwa Kiswahili, kisha Kifaransa kinaingia, na tangu siku hiyo wamama wengi wanaacha kufungua kaye ya mtoto. Kwa peri na emperi hakuna sababu ya kuacha.

Peri ni namba ambayo watu wake wote wanapata mwenzao. Emperi ni namba inayomwacha mmoja peke yake. Ni hayo tu. Namba 8: wawili wawili mara nne, hakuna anayebaki. Namba 9: mmoja amebaki kwenye benchi.

Shuleni watoto wanaimbishwa sheria: peri na peri ni peri, emperi na emperi ni peri, peri na emperi ni emperi. Wanaimba vizuri sana, na baada ya miezi miwili wamesahau ni ipi inayofanya nini. Nyumbani mama anaweza kufanya kile ambacho mwalimu mwenye watoto wengi darasani hapati muda wa kufanya: kumwaga maharagwe juu ya meza. Weka fungu la 7 na fungu la 5. Mwambie mtoto apange kila fungu mbili mbili. Kila fungu litaacha harage moja peke yake. Sasa changanya mafungu. Yale mawili ya peke yao yanafanya nini? Yanakuwa wenzi. Ndiyo sababu emperi na emperi zinaleta peri, na mtoto aliyeona maharagwe hayo hahitaji wimbo. Fungu la 7 na fungu la 6 je? Lile la 7 limeacha moja, lile la 6 halina wa kumpa mwenzi. Anabaki.

Kuhusu namba kubwa, mtoto atakuambia tazama tarakimu ya mwisho: 0, 2, 4, 6, 8 ni peri. Mwulize sababu, wengi hawajui. Sababu ni kwamba kumi ni wawili wawili mara tano, kwa hiyo makumi hayaachi mtu, mamia hayaachi mtu, maelfu hayaachi mtu. Anayeweza kuachwa yuko kwenye ile tarakimu ya mwisho tu. Mtoto asiyejua sababu hii ndiye anayekuambia 36 ni emperi kwa sababu ameona 3 mbele. Tunakutana na kosa hilo kila mwaka.

Kosa lingine ni la sifuri. Watoto wanabishana kama sifuri ni peri au hapana, hata wakubwa wanabishana. Benchi tupu: kuna mtu aliyebaki peke yake? Hakuna. Basi sifuri ni peri. Na kuna wanaofikiri nusu ya namba ya peri lazima iwe peri vilevile. Chukua vitumbua 6, gawa kwa watoto wawili: kila mmoja anapata 3.

Katika kuzidisha, emperi inapatikana kwa njia moja tu, emperi mara emperi. Chukua mafungu 7 ya nyanya, kila fungu nyanya 5. Panga mafungu mawili mawili. Mafungu mawili yanayolingana, yawe ya nyanya ngapi, yana idadi ya peri daima, kwa sababu kila nyanya ya fungu hili ina mwenzake katika lile. Fungu la saba limebaki, ndani yake kuna nyanya 5, na moja inabaki peke yake. Nyanya 35. Lakini yangekuwa mafungu 8, au kila fungu lingekuwa na nyanya 4, hakuna ambayo ingebaki.

Haya, tuingie sokoni. Kwenye soko la Kenya au la Katuba tunahesabu kwa mia. Noti ya 100 ni mia moja, emperi. Noti ya 500 ni mia tano, emperi. Noti ya 200 ni peri. Ya 1,000 ni mia kumi, peri, na za 5,000, 10,000 na 20,000 vilevile. Kama hakuna noti za 50, ukitaka kujua jumla ya mfuko wako ni peri au emperi kwa mia, hesabu noti za 100 na za 500 peke yake. Zikiwa peri, jumla itaishia na 000, 200, 400, 600 au 800. Zikiwa emperi, itaishia na 100, 300, 500, 700 au 900. Nyingine unaweza kuziacha ndani ya kitambaa.

Hivyo ndivyo unavyoweza kusahihisha kazi ya mtoto hata kama wewe mwenyewe hujajumlisha. Tuseme ameandika bei hizi: 1,300, na 700, na 2,500, na 400, na 1,100. Tazama zenye mia za emperi: 13, 7, 25, 11. Ni nne. Nne zinajipanga wawili wawili, basi jumla lazima iwe na mia za peri. Mtoto akikuletea 5,900, mrudishe akahesabu upya, hata kama wewe unakoroga bukari na hujagusa kalamu. Jibu ni 6,000.

Hata hivyo tusidanganyane. Akikuletea 5,800, njia hii haitakuambia kitu, kwa sababu 58 nayo ni peri. Peri na emperi inaweza kukuonyesha kwamba hesabu ni mbaya. Haiwezi kukuapia kwamba ni nzuri. Siku ile kwenye chama, kama majina yaliyorudiwa yangekuwa mawili, kaye ingeishia na 500 na muuza vitumbua asingeona kasoro. Tunalisema hili kwa sababu tangu siku ile kuna wamama wanaotaka kuacha kabisa kuhesabu noti, wanatazama mabenchi tu. Hapana. Noti zihesabiwe.

Tulipokuwa tunaeleza mambo haya chamani, mama mmoja aliuliza kama hesabu hizi zote hazikuletwa na wazungu pamoja na shule. Swali ni zuri, na jibu lake liko katika nchi yetu wenyewe.

Kule Kivu ya Kaskazini, mbali sana na hapa kwetu, kuna mahali panapoitwa Ishango, ndani ya hifadhi ya Virunga, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward. Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale akapata mfupa mdogo, urefu wake karibu sentimeta 10, wenye kipande cha jiwe la kwatzi kwenye ncha moja. Mtu wa zamani aliuchanja mistari midogo midogo, akaipanga kwa makundi, katika safu tatu. Umri wake unakadiriwa kuwa karibu miaka 20,000. Leo hii mfupa uko Brussels, katika taasisi ya kifalme ya Ubelgiji ya sayansi ya viumbe, na mtoto wa Ishango akitaka kuuona lazima apande ndege.

Safu moja ina makundi ya mistari 11, 13, 17 na 19. Safu ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Zote ni emperi, hakuna peri hata moja, na kila safu inaleta jumla ya 60. Safu ya tatu imechanganyika: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7, jumla 48. Tazama mwanzo wake: 3 kisha 6, 4 kisha 8, 10 kisha 5. Ni kama mtu aliyekuwa anazidisha kwa mbili na kugawa kwa mbili.

Wataalamu hawakubaliani. De Heinzelin mwenyewe alifikiri ni mchezo wa hesabu. Mwingine, Alexander Marshack, aliona ni kalenda ya mwezi wa angani. Wengine wanasema mistari iliwekwa ili mkono usiteleze. Sisi hatuwezi kusema kwamba mtu wa Ishango alijua peri na emperi. Lakini hesabuni emperi katika kila safu: ya kwanza nne, ya pili nne, na katika ile iliyochanganyika ni 3, 5, 5 na 7, nne tena. Emperi nne zinaacha watu wanne, na wanne wanakaa wawili wawili. Hakuna safu kati ya hizo tatu ambayo ingeweza kuwa na jumla ya emperi, hata kama mwenye kuchanja hakuwa na wazo hilo kichwani. Mambo haya yalikuwa kweli kabla ya shule, na kabla ya mzungu wa kwanza kufika Katanga.

Mama aliyeuliza alisema basi wangeturudishia mfupa wetu. Wengi walipiga makofi.

Juma lililofuata tulitaka kufanya jambo lingine. Kila mama anayefika husalimia wenzake kwa mkono, si wote, wale tu anaowafikia. Tuliomba kila mmoja ahesabu mikono aliyoishika, kisha aandike namba yake kwenye karatasi. Kabla ya kukusanya karatasi, tuliwaambia kwamba jumla itakuwa peri. Hawakuamini. Namna gani tunajua, na watu walisalimiana ovyo ovyo?

Tunajua kwa sababu salamu moja inahesabiwa mara mbili, mara moja na huyu na mara moja na yule. Salamu zikiwa ngapi, jumla ya namba zote ni mara mbili yake. Wamama wakasema sawa, tuone.

Jumla ikatoka 187.

Walicheka mpaka mtoto aliyekuwa mgongoni akaamka. Lakini sisi safari hii tulikuwa tumejifunza. Hatukujumlisha upya mara mbili. Tulisema kuna mtu amesahau mkono mmoja, atafutwe.

Mama mtunza feza alikuwa amechelewa siku ile. Tulikuwa tumeanza kuogopa kwamba hatakuja tena. Alipoingia alipitia kwenye benchi la mwisho, akashikana mkono na muuza vitumbua, akakaa kando yake. Kwa yeye kuingia tulikuwa 18, mabenchi tisa yamejaa. Muuza vitumbua alikuwa amekwisha kuandika namba yake kabla, akasahau kuiongeza. Alichukua kalamu akafuta 6, akaandika 7. Jumla 188, salamu 94.

Kwa juma hili, jaribuni hii nyumbani pamoja na watoto. Mtoto ana noti za 100 na noti za 500 tu, kama anavyotaka. Anatakiwa kulipa franka 2,000 kamili. Kwa noti 8 inawezekana: 3 za 500 na 5 za 100. Mwambieni alipe kwa noti 7. Mwacheni atafute kwanza, asiambiwe kitu, na akichoka mwulizeni noti ngapi kati ya hizo saba zinabaki bila mwenzake.